Nyuzi Alizolegeza Babu Yako

Mpwa wangu Nekesa,

Pokea salamu za Subukia. Mama yako amepona kifua.

Unauliza ufuate video gani za kupiga gitaa kwa vidole, nyuzi zikiwa zimekazwa tofauti na kawaida. Mimi nikipiga gitaa kule Molo, malori ya viazi yalikuwa yanasimama kunisikiliza. Lakini babu yako alikuwa na namna yake ya kukaza nyuzi, na akimaliza kupiga alizilegeza zote asiibiwe namna hiyo. "Nitakufunza nikizeeka," aliniambia.

Siku ya mazishi yake watu wakasema, "Haya fundi, tupigie wimbo wa mzee." Nilijaribu kuzikaza nyuzi kama yeye mpaka uzi mmoja ukakatika. Tukamzika kimya.

Chagua mwalimu anayeanza kwa kukuonyesha anavyokaza kila uzi, hata kama hanifikii kwa vidole. Babu yako alinipenda sana, lakini hilo hakunionyesha.

Mjomba wako,
Wafula