Posa Haiposwi Hotelini

Jumanne, 4 Novemba 2025. Riyadh

Jabir kaja na habari hata viatu hajavua. Baba yake Amal kakubali kutuona! Ijumaa hii hii, huko kwao milimani, kusini-magharibi, mbele ya Abha. Nilikuwa nakaanga samaki, nikawasahau mpaka wakaungua. Alhamdulillahi. Mwaka mzima mwanangu anamtaka mtoto huyu, dada yake Salem, mwenzake wa kazi kwenye maghala ya Al-Sulay. Mwaka mzima naambiwa ngoja, mama, ngoja.

Halafu akaniharibia furaha. Hatwendi nyumbani kwao. Twakaribishwa hotelini. Hotelini! Nikamuuliza, kwani nyumba yao imeungua? Hapana, mama, iko hoteli ya vyakula vya kwao, ndipo wanapokaribisha watu. Mie naona ajabu. Mtu akikutaka hukuvusha kizingiti chake. Sie hapa Malaz sebule yetu kama kibiriti, na bado hajatokea mgeni wangu akalishwa nje.

Tena yuko mtoto wa ami yake Amal, naye anamtaka. Hili Jabir kalisema mwisho, anatazama ukuta. Basi safari ndiyo hii. Tukiharibu, basi tena.

Nimempigia kaka Murad, Jeddah. Tangu mume wangu afariki, yeye ndiye msemaji wetu kwa mambo ya kiume. Kasema nimwachie, kuposa anakujua yeye.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumefika. Baridi! Ndege mpaka Abha, Murad katukuta hapo kutoka Jeddah, halafu gari, kona juu ya kona, ukungu, na nyani wamekaa kitako kando ya barabara wanatutazama kama watu wa forodha. Mji wenyewe barabara moja tu. Msikiti, duka la asali, pampu ya petroli, na hiyo hoteli yao, bango lake refu kuliko kitu chochote hapa.

Murad kaliona bango akaanza. Posa haiposwi hotelini. Posa huposwa nyumbani kwa mtu. Nikamwambia posa huposwa popote alipo baba mtu. Akaniambia Kija, wewe mwanamke, haya huyajui. Nikanyamaza. Si kwa heshima, kwa baridi. Meno yalikuwa yanagongana.

Ijumaa, 7 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi!

Niandike taratibu. Baada ya sala tumekwenda. Abu Salem, baba yake Amal, yuko mlangoni na ndugu zake wote, fimbo mkononi, shada la maua kichwani kama walivyo wazee wa huku. Hoteli nzima kaifunga kwa ajili yetu. Wanaume kushoto, wanawake kulia, na katikati kiambaza cha mbao, chembamba, kila neno lapita. Nikasema moyoni, vyema, nitasikia posa ya mwanangu kwa masikio yangu.

Upande wetu Umm Salem, mama mtu. Mwanamke mrefu, maneno machache, macho yote kwangu. Na Amal, ananimiminia chai. Mzuri, adabu zake nzuri, nimempenda palepale.

Chakula kikaja. Kwanza asida. Ugali, jamani! Ugali wa ngano, rangi ya udongo, katikati kisima cha samli na asali. Ugali na asali! Nilidhani mpishi kakosea. Kisha mkate wa tanuri, na kondoo aliyefukiwa shimoni na majani, nyama inajitoa mfupani yenyewe. Umm Salem ananichambulia vipande vizuri, ananiwekea mbele yangu. Nimekula. Sitasema uwongo, nimekula sana.

Na Murad? Kazungumza mvua. Kazungumza karafuu za Unguja, vipi zinaanikwa, vipi marehemu baba alikuja huku baada ya mapinduzi na sanduku moja. Watu wanamsikiliza kwa heshima. Namsubiri afike. Hafiki. Abu Salem mwenyewe akamfungulia mlango, akamuuliza, je, mna haja yoyote tukutimizieni? Nikasema moyoni, haya, sasa! Na kaka yangu, mtu mzima, mvi tupu, akajibu: haja yetu ni kukuoneni wazima tu.

Toba!

Nikampigia simu. Naisikia inavuma juu ya meza ng'ambo ya kiambaza. Akaikata. Nikakohoa. Umm Salem akanipa maji. Nikakohoa tena, akamtuma Amal aniletee asali, dawa ya kifua. Abu Salem akauliza mara ya pili, Murad akamshukuru. Akauliza mara ya tatu, Murad akasifu nyama. Halafu nikamsikia mzee anasema, basi, mmetuheshimu. Yakaletwa maji ya kunawa, ukaletwa udi, na kila mmoja wetu akapewa kopo la asali. Halas. Kwaherini.

Garini Murad anajichekea. Leo tumebisha hodi, anasema. Wangetutaka hasa wangetupeleka kwao, basi na sisi tusijirahisishe. Posa yenyewe tutaileta nyumbani, kwa mshenga, kwa adabu. Nikamwambia, mficha uchi hazai! Akaniambia haraka haraka haina baraka. Jabir kakaa mbele, kichwa kaegemeza dirishani.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumerudi Riyadh. Sina la kuandika. Kopo la asali liko mezani, hakuna anayelifungua.

Jumatatu, 10 Novemba

Sasa nimeelewa, na afadhali nisingeelewa.

Jabir karudi kutoka Al-Sulay, Salem hamwitikii salamu. Mwisho kambana nyuma ya ghala, Salem akayamwaga yote. Kwao nyumbani huingia kila mtu, jirani, mchungaji, mpita njia, kila siku, si jambo. Lakini kumfungia mtu hoteli nzima, mji mzima ukaona milango imefungwa na magari ya ami zake wote yako nje, hiyo ni heshima ya jambo kubwa. Baba yake alikuwa keshaamua kusema ndiyo. Keshaamua! Alikuwa anangoja kuombwa tu. Sisi tukala, tukapangusa midomo, tukaondoka.

Na mji unauliza. Wale wageni wa Riyadh walitaka nini? Wako wanaosema tulikuja kumtazama binti, hatukumpenda. Ya Rabbi! Mtoto wa watu, na adabu zile! Sasa yule ami mtu kataka jibu kwa ajili ya mwanawe mwisho wa mwezi, na Abu Salem hana tena sababu ya kumkatalia.

Jabir hakula. Nimemwekea wali na mchuzi wa papa, anaoupenda, kautazama tu. Nimelia jikoni, mfereji nimeufungulia asinisikie.

Nikampigia Murad nikamweleza yote. Anasema kosa lao, wangetwambia desturi zao. Nikamwambia, kwani wewe uliwaambia zako?

Jumatano, 12 Novemba

Kuna mwanya! Abu Salem anakwenda Jeddah kwa daktari wa macho, na mkewe, na Amal. Salem ndiye aliyemnong'oneza Jabir. Kijana yule ana moyo, Mungu amlipe. Nimemwambia Jabir awaalike kwa mjomba wake, nasi tutashuka Jeddah. Salem kauliza, mzee kakubali, ila kasema: kula tutakula, basi.

Nikampigia Murad kwa furaha, nikakumbuka katikati ya maneno. Nyumba yake! Kandara, ghorofa ya juu kabisa, lifti imekufa tangu mfungo, ngazi giza, na mzee macho yake ndiyo hayo. Wapi tutawaweka? Murad akasema hakuna njia ila hotelini.

Na mie nilivyowasema wenzangu!

Nikamuuliza, basi utaposa? Akasema, Kija, posa haiposwi hoteli—. Nikamkatia simu. Sijapata kumkatia simu kaka yangu mkubwa tangu nizaliwe. Na sikumpigia tena.

Ijumaa, 14 Novemba. Jeddah

Joto, unyevu, nguo inaganda mgongoni. Nimelala kwa Murad, yaani nimejilaza. Wifi yangu anatembea kwa ncha za vidole baina yetu. Asubuhi Murad katoa msemo wake: mstahimilivu hula mbivu. Nikamwambia, mbivu zitaliwa na mtoto wa ami yake. Hakunywa chai yake yote, kashuka chini.

Alasiri karudi, kasema haya, kesho nitasema. Nikamwambia apa. Akaniambia mtu mzima haapishwi. Sijui nimwamini.

Jumamosi, 15 Novemba. Jeddah

Naandika bafuni, bafuni mwa hoteli, daftari juu ya goti. Mtu akiniona atasema nimerukwa na akili. Na aseme.

Niliichagua mwenyewe hoteli hii, ya vyakula vya kusini, ili mzee apate vya kwao. Makosa yangu mengine! Asida yao maji matupu, samli inanuka kiwanda, nyama ngumu. Umm Salem kaichovya kwa kidole kimoja, akasema mashaallah. Nilitaka ardhi inimeze. Huku pia kuna kiambaza, cha plastiki chenye michoro ya milima. Milima ya plastiki, mbele ya watu wa milimani!

Ng'ambo naisikia sauti ya Murad. Joto la Jeddah. Shida ya kuegesha magari Kandara. Mpishi wa zamani wa pilau aliyekufa. Jamani! Na leo Abu Salem hakuuliza kitu. Aliuliza mara tatu siku ile, hatauliza tena. Anajibu naam, naam, na kijiko kinagonga sahani.

Ikaadhiniwa Isha. Wanaume wakainuka kwenda msikitini. Jabir akapita penye uwazi wetu, akanitazama. Mwanangu hajanitazama vile tangu siku tulipomzika baba yake.

Tukabaki wanawake watatu na ile asida. Hapo nikashindwa. Nikamwambia Umm Salem, dada, nisamehe, siku ile tulikuja kuposa! Kaka yangu ndiye aliyeniua, kakaa na jambo mdomoni kama kameza mfupa, mara tatu kaulizwa, mara tatu—. Nilimsema Murad, nikamsema, mpaka pumzi ikanikatika.

Umm Salem akangoja nimalize. Akasema pole pole: kaka yako alikaa na mume wangu. Wewe ulikaa na mimi. Nilikuchambulia nyama kwa mkono wangu, nikakungoja. Mbona hukuniuliza mimi?

Wallahi, mie siku ile nilikuwa nasikiliza kiambaza.

Basi nikamuuliza palepale. Bila mshenga, bila utangulizi, vidole vina samli mpaka kwenye pete. Nikasema namtaka Amal kwa Jabir wangu. Amal akaacha kutafuna. Umm Salem akanitazama, akaweka mkate chini, akavuta pumzi aseme. Na mie, mie mwenye mdomo, mie niliyemtukana kaka yangu wiki nzima, nikainuka nikasema nanawa mikono, nikakimbia!

Ndiyo niko humu. Nimejifungia. Nasikia wanaume wanarudi, kikohozi cha Murad kile pale, viti vinavutwa.

Mlango unagongwa. Ni Amal. Ananiita khala, kama dada wa mama yake: khala, toka. Anasema mama yake kawaambia wanaume wasiendelee kula, iko posa ya kujibiwa, na yeye mwenyewe hatii mkono sahanini mpaka nirudi nikae ubavuni mwake.

Nakuja, nimemwambia. Nakuja.

Bado nimekaa. Na mikono sijanawa.