Ujumbe Mfupi wa Hulugho

Jumatano, 6 Machi 1996. Garissa.

Joto limekaa tangu asubuhi, hakuna hata upepo wa kulisogeza. Feni ya ofisini imekufa. Nimeswali magharibi, nimekunywa chai, na bado mikono ni mizito. Nitaandika kwa mpangilio kama kawaida yangu, ingawa ni mpangilio wangu huo ulioniponza leo.

Kazi yangu ni kompyuta ya redio katika ofisi ya visima. Vituo vya Mandera, Elwak na Hulugho hutuma ujumbe wa maandishi kwa redio, kompyuta inapokea, printa inachapa, nami nampelekea anayehusika. Mashine yetu ni kuukuu. Ilikuwa inaandika kila mstari kwenye diski mara unapofika, na diski ikiwa bado inahangaika, herufi zinazofuata zinapotea. Siku moja Elwak waliomba "dize" na tukabishana nusu saa kama ni dizeli au ni jina la mtu.

Wiki iliyopita nilirekebisha mambo mawili.

La kwanza ni bafa, yaani ile nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine ambapo maneno hungoja kabla ya kuandikwa kwenye diski na kuchapwa. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi, nikaandika amri: usiandike mstari mmoja mmoja, kusanya kwanza herufi elfu moja na ishirini na nne, kisha uzitoe zote kwa pamoja. Nilijaribu kwa ripoti ndefu ya mwezi. Haikupotea hata herufi moja. Nilifurahi peke yangu.

La pili ni salamu. Watu wetu hawaanzi habari bila kuuliza hali ya mvua, ya mifugo, ya watoto, ya mama mzazi, na kumshukuru Mungu kwa kila jibu. Niliviomba vituo vyote viache salamu, vitume habari tupu. Adeer Adan wa Elwak, ami yetu kwa heshima na mzee kuliko sisi sote, alinijibu kwa redio ya sauti mbele ya vituo vyote.

"Binti, ni mtoto wa nani anatuma habari bila salamu? Hiyo ni habari ya msiba!"

Vituo vyote vikacheka. Yeye akaendelea na salamu zake. Bishar wa Hulugho, kijana mtiifu, aliacha.

Leo asubuhi lori la Hulugho lilikuwa linapakiwa uani. Dekow, mtunza stoo, aliingia akijifuta jasho.

"Abaayo, dada yangu, bado kuna nafasi. Hulugho hawajaomba kitu?"

Niliangalia printa. Ilikuwa kimya.

"Hawajaomba."

"Ajabu! Hao leo wameshiba?"

Nilicheka naye. Lori likaondoka na msafara wa askari.

Baada ya adhuhuri ujumbe wa Adeer Adan ukaingia, na printa ikaamka. Mstari wa kwanza haukuwa wake. Ulisema: "Mkanda wa injini ya kisima umekatika. Tumeni mpya na lori la leo. Bishar, Hulugho." Chini yake zikafuata salamu za Elwak, mvua, ngamia, wajukuu, hadi zikakatika katikati ya neno, pale herufi zilipotimia.

Nilielewa nikiwa nimesimama. Maneno ya Bishar yalikuwa yamekaa kwenye bafa tangu alfajiri. Yalikuwa machache mno kuijaza, nami niliiamuru isitoe kitu mpaka ijae. Laiti angemsalimia mama yangu na watoto wa jirani, ujumbe ungetoka lori likiwa bado uani.

Sikuwahi kujaribu kwa ujumbe mfupi. Niliogopa mrefu tu.

Nikamwita kwa redio ya sauti.

"Bishar, lori limeondoka bila mkanda. Ujumbe wako ulikwama kwangu."

"Mashine yangu ilisema umefika."

"Ulifika. Haukutoka."

"Abaayo, ng'ombe walifika jana kutoka mpakani. Wamesimama kwenye birika tupu la kunyweshea. Nimeshawaambia wazee mkanda uko njiani. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie kosa ni la Garissa."

"Garissa haiko hapa. Niko hapa mimi."

Niliweka redio chini, nikaenda stoo kumweleza Dekow.

Lori halirudi nyuma likishaingia kwenye msafara. Dekow alienda soko la mifugo bila hata kuniuliza, akapata mfanyabiashara ambaye gari lake linaondoka kesho alfajiri kwenda kuchukua mbuzi Hulugho. Dereva amekubali kubeba mkanda. Dekow hakunilaumu kwa neno hata moja. Afadhali angenilaumu.

Alasiri nilirudi kwenye skrini. Sikuondoa bafa, maana herufi zingeanza tena kupotea. Niliongeza amri nyingine: ikipita dakika moja bila neno jipya, toa kilichopo, hata kama ni neno moja. Nilijaribu kwa neno "maji". Nikangoja. Likatoka. Nikajaribu tena na tena, kama mtu anayerudi kusukuma mlango alioufunga mwenyewe.

Inafanya kazi vizuri. Haikunifurahisha.

Dekow alitaka mkanda ulale stoo. Nilikataa, nimekuja nao. Uko hapa juu ya mkeka, unanukia mpira mpya, na dada yangu ameshauliza mara mbili ni wa nini. Alfajiri nitaupeleka mwenyewe mpaka mkononi mwa dereva. Kama njia ni salama, utafika Hulugho kesho jioni, na wataufunga Ijumaa.

Kesho mchana kutwa, wale ng'ombe watakunywa nini?