Zuhura na Maji Mekundu ya Chumvi

Dada Mwanakombo, shikamoo.

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Jana binti yako Zuhura alinipeleka kwenye mashamba ya chumvi, ambako maji ni mekundu kama damu. Nilikuwa natafuna mkate wa kumimina aliposema, "Mjomba, wekundu huo ni viumbe hai. Mtambo unaojenga protini za mwili wako umo ndani yao, na ndani ya hamira ya mkate huo. Asili yake ni moja."

"Astaghfirullahi! Mimi nina udugu na hamira?"

"Wa mbali, Mjomba. Kula tu."

Nilipiga bismillahi ya pili ndipo nikameza.

Uliniachia niseme kama akasomee mambo hayo ng'ambo au aolewe kwanza. Nilikuja na kauli ya kumkatalia masomo ya ng'ambo, sasa imenitoka. Nikishaamua nitakuandikia. Kabla ya hapo, usipokee posa ya mtu.