Kaseti ya Zeze la Baba

Mama Aneth,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Aneth achote ndoo mbili kabla bomba halijafungwa.

Asubuhi nimeweka ile kaseti yangu, zeze la marehemu baba nililolipunguza mwendo hadi likavuma nusu saa bila kukatika. Imetoka kwaya yenu ya Pasaka. Aneth anasema ulisikia ule mvumo, ukadhani betri zimekwisha na mkanda umeharibika, ukarekodi juu yake. Kwa nini hukuniuliza?

Mkanda wa kwanza, ule aliopiga baba mwenyewe, nilishaukata vipande kuunga huo ulioufuta. Baba hawezi kupiga tena.

~~Nitarudi jioni.~~ Nakwenda Haneti, kaburini kwake. Msinisubiri kula.

Redio nimekuachia. Betri ni nzima, kwaya inasikika vizuri sana.

Baba Aneth