Maganga Asizuiwe Msibani

Gaborone,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Damari,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umekaa chini, si unahangaika na masufuria ya wageni wa msiba. Mguu unaendeleaje? Na ile miwani unaivaa, au bado inakaa kabatini isije ikachakaa? Mimi mwili ni mzima. Nafundisha hesabu, nakula, nalala. Wanafunzi wananicheka ninavyokitamka Kitswana chao, nami siwanyimi raha hiyo.

Jana kwenye simu ulisema maneno machache, salio likakatika: kwamba siku ya kumaliza msiba wa baba, mtani wetu Maganga asikanyage kwetu kwa yale aliyoniandikia, na kwamba umeshampelekea habari. Hukunipa nafasi hata ya kuguna. Kwa hiyo naandika, na barua nampa mwalimu mwenzangu anayekwenda likizo kwao Mpwapwa, ili ikufikie kabla ya siku yenyewe.

Wewe mambo ya mtandao huyajui, na hujakosa kitu. Kuna ukurasa mmoja ambako sisi watu wa Ipagala tunapiga soga kwa kuandika. Walio nyumbani wanaingia kwenye duka la intaneti mjini, sisi tuliotawanyika tunaingia huku tuliko. Ni kama kukaa kibarazani, tofauti ni kwamba humwoni mwenzako anatafuna nini. Tunaongelea nani anajenga fleti, nani kapandisha kodi, diwani aliyeahidi maji akaleta fulana. Na kila wiki lazima mtu aulize serikali itahamia Dodoma lini, kisha wote tunacheka.

Siku ile nilikuwa nimerudi kutoka safari ya wanafunzi, mbali huko kusini. Nikaingia kwa mbwembwe zangu: "Wapangaji, hamjambo? Serikali imeshafika?"

Maganga akajibu: "Mgogo umeibuka! Serikali bado. Mzee wako kachoka kuisubiri, amehama yeye. Kapata chumba kimoja safi, hakina dirisha, hakina kodi, na majirani hawana kelele."

Dada, nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta. Unamjua baba na vile vyumba viwili alivyokataa kupangisha, eti anawawekea wakubwa wa serikali. Nikadhani hatimaye kagombana na wapangaji, kahamia kule shamba Zuzu. Nikaandika: "Mwambie adai choo cha ndani kabla hajaingia. Na wewe mjukuu wa wapagazi, umemsaidia godoro?"

"Nimembeba yeye mwenyewe. Begani."

"Afadhali. Kazi ya babu zako hujaisahau."

Mtu hakuandika kitu. Nikaona nimewashinda kwa utani, nikajisifu moyoni. Kisha Mama Stela, yule muuguzi wa nyumba ya nyuma, akauliza: "Mwalimu, dada yako alikupata kwenye simu?"

"Anipate kwa lipi?"

"Mwalimu, pole. Baba tumemzika Alhamisi."

Najua ulipiga simu shuleni, na shule ilikuwa imefungwa. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Usijisumbue kwa hilo hata kidogo. Lakini na Maganga naye alidhani umeshanipata. Alikuwa ananipa pole, dada, kwa namna Mnyamwezi anavyompa pole Mgogo tangu enzi za misafara. Angeniandikia "pole kwa msiba" kama karani wa ofisi, ningemshangaa. Wewe mwenyewe, tulipoongea mara ya kwanza, uliniambia alishuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na shangazi akacheka huku machozi yanamtiririka. Yale uliyavumilia. Kwa nini haya ya kwangu yakushinde?

Au niseme ninachodhani, na ukiniona nimekosa heshima unisamehe. Unaona aibu kwa ajili yangu. Mtaa mzima umesoma jinsi mtoto wa kiume wa marehemu alivyofanyia kifo cha baba yake mzaha wa choo. Ni kweli nimeona aibu. Lakini aibu hiyo ni yangu, niachie mwenyewe, usimtwishe Maganga.

Tangu siku ile Maganga hatokei tena ukurasani. Aliniandikia pembeni mara moja tu: "Mwalimu, samahani sana." Mwalimu! Mtu ambaye hajapata kuniita zaidi ya Mgogo tangu tuko darasa moja. Amekuwa mstaarabu, dada, na ustaarabu wake unaniuma kuliko yote.

Huku wote ni wastaarabu. Mkuu wa shule kanishika mkono kwa mikono miwili. Walimu wakinipita wanapunguza sauti. Nawashukuru, naingia darasani, nageukia ubao. Mpaka leo sijalia. Najaribu nikiwa peke yangu, hakuna kitu kinachotoka, nabaki nimekaa kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kwa hiyo nakuomba. Nenda kwa Maganga wewe mwenyewe, usitume mtu, umwambie njoo. Akija, mwache aseme lolote. Nami sitakuwepo, nauli ya kuja imenishinda na ruhusa sikupewa. Basi akianza, nipigie, umwelekezee simu. Wewe usiseme kitu. Nataka nisikie akinitukana mbele ya watu, mbele ya kaburi la baba, kwamba ni Mgogo gani huyu aliyeshindwa kuja kumzika mzazi wake. Nitalia hapo.

Nisalimie shemeji, na shangazi, umwambie shikamoo yake iko palepale. Watoto wote wabusu. Mama Stela mwambie ahsante, aliniambia vizuri.

Mdogo wako,
Elieza