Mgeni Atakaa Wapi

Jumapili, 8 Juni
Kwa mama tena, kwenye makao ya wazee. Vigae vinang'aa, chandarua kipya, choo humo humo ndani. Dada yangu Mwajuma, aliyeko Dar, anataka picha kila wiki. Nikamtumia. Amefurahi. Mimi nilisimama tu. Vitanda viwili, cha mama na cha bibi mwingine, kiti hakuna. Kitandani kwa mama sikai, sikulelewa hivyo. Magoti yakauma, nikaaga.

Jumapili, 15 Juni
Mlezi kanizuia mlangoni. Mama hataki kuonana na mtu. Hata mimi? Hata wewe, kaka. Nikarudi nyumbani Chemchem na machungwa yangu. Nimeyala yote mwenyewe, kwa hasira.

Jumatano, 18 Juni
Kazi haiendi. Nimeshona mkono wa kanzu ya mtu ndani nje. Najua mama kanikasirikia kwa kumtoa kwake. Lakini nashinda sokoni kwenye cherehani, na si mara moja nimerudi nikamkuta kaanguka uani, hana wa kumwinua. Ningefanyaje?
Nyumba imekuwa kubwa. Wali nusu unamwagwa.

Ijumaa, 20 Juni
Bi Zuhura, jirani yetu, kaja sokoni. Kumbe alikwenda kumwona mama kabla mlango haujafungwa. Mama akamkalisha kitandani, akakosa hata maji ya kumpa. Akamwambia asirudi. "Mgeni aje kwangu, atoke mdomo mkavu? Bora asije mtu."
Si hasira. Ni aibu. Mama huyu, hata yule bwana aliyekuja kutukatia maji alikunywa kahawa kwanza. Na mimi, siku ya kukagua chumba chake, nilifungua mabomba, nikagonga vigae, nikajiona mjanja. Mgeni wake atakaa wapi, sikuuliza. Mjinga mkubwa.

Jumapili, 22 Juni
Nimepeleka mkeka wake wa uani, birika, vikombe vya kahawa na jiko la mkaa. Msimamizi kakataa moto. Tumebishana. Mwisho tumekubaliana: kahawa itachemshwa jikoni kwao, mkeka utatandikwa kibaraza cha nyuma, penye kamba za nguo. Mama sikumwona. Nimeacha vitu, nimeondoka. Naogopa atavirudisha.

Jumapili, 29 Juni
Kanipokea. Yuko mkekani, kajifunga kanga ya sikukuu, mashuka ya watu yanapepea kando yetu. Nikavua viatu. Shikamoo. Marahaba, karibu. Akanimiminia kahawa mwenyewe. Nyingine ikamwagika. Sikumsaidia. Akauliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za majirani, kwa mpangilio, kama anavyoulizwa mtu aliyetoka safari. Tukaongea mpaka kivuli kikatuhama.
Nilipoaga akachukua mkongojo, akanisindikiza hadi getini, polepole. Miaka yote hajawahi kunisindikiza. Wanaosindikizwa ni wageni.
Nimefika nyumbani, nimejifungulia mlango. Pale uani ulipokuwa mkeka, sakafu ina rangi nyingine.