Diski ya Shamba la Kamango

Baba,

Nimeifunga ile diski ya shamba. Najua ulinikataza, kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe.

Tangu tukuzike, jirani yetu wa Kamango, Mzee Paluku, amesogeza mpaka wake hadi ndani ya kakao yetu, upande wa mto. Mama anaishi kwa kakao hiyo. Ofisi ya ardhi ya Beni ikatuita na ushahidi wetu. Nikabeba diski yako, nikijivuna njia nzima kutoka Butembo. Wewe hukuamini flash, ulisema inaleta virusi, na simu inaibiwa. Kila ulipotembea upande mmoja wa shamba ulijipiga video ukitaja miti ya mpaka, ukarudi hapa kwenye studio yetu kuichoma kwenye diski ileile, kisha ukampelekea shahidi wa upande huo atie sahihi juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Pande tatu, sahihi tatu.

Katibu akaiingiza kwenye kompyuta yake. Ikazunguka, ikanguruma, ikanyamaza. "Madame, hii iko vide. Hapana kitu ndani." Paluku akacheka. Niliona haya, Baba, na nilikukasirikia. Wakanipa wiki moja.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Niliifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Niliitazama kwenye mwanga, haina mkwaruzo. Kompyuta mbili za majirani ziliikataa. Mwishowe nikaifunua kompyuta yako ya zamani, diski ikafunguka mara moja, na sauti yako ikajaa studio: "Huu muti nilipandaka mwaka Kavira alizaliwa." Nikazima. Nikatoka nje kwanza.

Ndipo nikakumbuka. Kila ulipomaliza kuchoma, mashine iliuliza kama tuifunge diski, nawe ulisema, "Usifunge, kunabaki upande moja." Diski ambayo haijafungwa, mashine iliyoichoma inaielewa, nyingi nyingine zinaiona tupu. Ulikuwa unangojea kutembea upande wa mto. Badala yake ukalazwa hospitali, na hukutoka.

Kopi isingefaa, maana sahihi ziko juu ya diski yenyewe. Kaka Muhindo akaja na wazo lake: tupige video upande wa mto sisi wenyewe, tuiongeze humo, ndipo tufunge. "Tia tu, dada Kavira. Nani atajua?" Nafasi ilikuwepo, na nilitamani siku nzima. Lakini wale watatu walitia sahihi kwa maneno yako. Ningewatazamaje usoni?

Nikaamua kuifunga kama ilivyo, lakini kidole kiligoma. Nikiifunga tu, wewe huongezi kitu tena. Nililia kama mjinga mbele ya kitufe, kisha nikabonyeza. Muhindo hajanisemesha mpaka leo.

Beni ilifunguka. Hata watu waliokuja kwa mambo yao walisogea kukusikiliza. Pande tatu zimeandikwa kwa jina lako. Upande wa mto, wamesema, tutautembea sisi na Paluku pamoja, mbele ya chef wa kijiji.

Shida ni hii: miti ya mto mliipanda wawili, wewe na yeye, kabla sijazaliwa. Wewe umekwenda. Aliyebaki anayeijua ni yeye peke yake, na mimi sitasema nisiyoyajua. Naogopa kwa ajili ya Mama, sikufichi.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, na kompyuta yako siiuzi. Alhamisi nitashuka Kamango na kamera. Nitamwacha Paluku atangulie, ataje mti mmoja mmoja kwa mdomo wake, watu wote wakisikia, na mimi nikimpiga video. Akitaka kusema uongo, atausema sura yake ikionekana, kisha atautilia sahihi. Na diski hiyo nitaifunga siku ileile.

Mwanao,
Kavira